Smoki ya macho kwenye joto la Mtwara: nimeenda mara nne, nasema nilichokiona

Mara ya kwanza nilipofika kwenye saluni hii ya mekapu, umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Ilikuwa Jumamosi ya Desemba, hela za korosho zimeshaingia, kila ukumbi mjini una harusi, na sisi siku hiyo tulikuwa tunamwoza mdogo wetu wa mwisho. Nilitegemea fundi aniambie nisubiri umeme urudi. Yeye akanyanyua kiti, akakiweka mlangoni, akanigeuza uso kwenye mwanga wa nje. "Dada, taa ya ndani inadanganya," akasema. "Hapa ndipo ninapokuona."

Tangu siku hiyo nimerudi mara tatu, kila mara na rangi yake. Naandika kwa kirefu kwa sababu wanawake wengi wa huku kwetu tulishakata tamaa na smoki, ile mekapu ya macho ya rangi ya giza inayofifia pembeni kama moshi. Tunaiona kwenye simu, kwenye nyuso za watu wa mbali, tukiijaribu inatuharibikia. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Saluni yenyewe ipo Magomeni, Mtwara mjini. Haina kibao. Ni chumba kimoja chenye mlango wa bluu, viti viwili, feni ya mezani na kioo kirefu kilichoegemezwa ukutani. Fundi ni dada wa miaka ishirini na kitu, ana binti mmoja anayemsaidia kuosha brashi na kusuka. Wasukwaji wapo, lakini wanaofunga safari kutoka mbali wanafuata macho.

Niseme kidogo nilivyo, maana ukisifia mekapu bila kusema ni ya uso wa namna gani, humsaidii mtu. Nina miaka 39. Ni mweusi, weusi uliokolea. Navaa miwani ya kuona mbali tangu sekondari. Kope zangu za juu ni nzito: nikifumbua macho, ule mkunjo unafunikwa wote, kwa hiyo rangi yoyote inayowekwa pale inamezwa. Ni karani kwenye ghala la chama cha msingi, msimu wa korosho nashinda kwenye vumbi, na uso wangu una mafuta. Naishi Mikindani, hivyo mekapu yangu lazima ivumilie kama kilomita kumi za bajaji kabla haijaonwa na mtu.

Miaka miwili kabla ya harusi ya mdogo wangu, kwenye saluni nyingine, nililipa 25,000 kwa ajili ya harusi ya mfanyakazi mwenzangu. Walinipaka nyeusi kutoka kwenye kope mpaka karibu na nyusi, na chini ya nyusi wakaweka nyeupe inayong'aa. Ulipofika muda wa kukata keki, ile nyeusi ilikuwa imejikusanya kwenye mkunjo kama uzi, na nyeupe imegeuka kijivu, kama vile nimepulizia moto wa kuni majivu yakanirukia usoni. Niliporudi nyumbani mama akanitazama, akauliza, "Mwanangu, umelia?" Iliniuma sana. Nilikuwa nimetoka nyumbani na furaha yangu.

Fundi huyu wa Magomeni alianza kwa maswali. Shughuli saa ngapi? Ndani au uwanjani? Gauni rangi gani? Utalia? Nikamwambia nitalia, ni mdogo wangu. Basi akarudisha maskara aliyokuwa ameishika, akachukua isiyopitisha maji, akasema na chini ya jicho ataweka kidogo sana.

Halafu akafanya jambo ambalo sikuwahi kufanyiwa: alianza na macho kabla ya fondesheni. Aishedo nyeusi, ile rangi ya unga ya kwenye kope, inadondosha unga, na unga ule ukiangukia shavu lililokwisha kupakwa, kuufuta ni kuharibu kazi yote. Akianza na macho, anafuta uchafu kwa kitambaa chenye maji, ndipo anashughulikia uso. Alinifuta mafuta kwenye kope, akachukua praima, ile krimu ya kushikisha rangi, kiasi cha punje mbili za mchele, punje moja kila jicho, akaipigapiga kwa kidole, na juu yake poda nyepesi. Alisema praima ikiwa nene, joto la hapa linaikunja kabla hujafika ukumbini. Nikakumbuka ule uzi wangu mweusi wa kwenye keki.

Rangi ya kwanza haikuwa nyeusi. Ilikuwa kahawia yenye wekundu ndani yake, rangi ya udongo wa kichuguu. Akaniambia nitazame mbele, macho wazi, akaipaka juu ya mkunjo, mahali ambapo ingeonekana nikiwa nimefumbua. Kumbe kule kwingine walinipaka nimefumba macho mwanzo hadi mwisho, kazi yao ikapotea nilipofumbua. Na ngozi nyeusi inahitaji hiyo kahawia ya katikati. Ukitoka kwenye nyeusi ya mkaa ukaingia moja kwa moja kwenye ngozi, pembeni panabaki kijivu na uso unaonekana una vumbi. Kahawia yenye joto inazipokea zote mbili.

Ndipo ikaja nyeusi. Penseli laini, akaikokota kwenye mzizi wa nywele za kope, na papo hapo kabla haijakauka akaisugua kwa brashi fupi kuelekea juu. Juu ya penseli akagandamiza aishedo. Nasema akagandamiza kwa sababu hakufagia hata mara moja. Alichota kidogo, akakung'uta brashi, akabonyeza, akachota tena. Nilihesabu mara sita kwa jicho moja. Brashi ya mwisho haikuwa na rangi kabisa, safi, anaishika mwisho wa mpini ili mkono usiwe mzito, anazungusha viduara vidogo pembezoni tu. Hapo alikaa kama dakika kumi kila jicho. Anasimama, anarudi nyuma mpaka barazani, ananitazama kutoka huko, anakuja tena. "Natafuta mstari," alisema. "Nikiuona mstari, bado sijamaliza."

Maneno hayo nimetembea nayo. Moshi wa jikoni ukipanda, huwezi kunyoosha kidole ukasema unaishia hapa. Kazi nyingi ninazoziona kwenye harusi zetu zina nyeusi nzuri kabisa, lakini zina mwisho, unaona mahali brashi ilipochoka.

Kwenye kona ya ndani aliweka dhahabu iliyopoa, si nyeupe. Chini ya jicho kahawia, nusu ya upande wa nje peke yake. Nilimwomba wanja mweusi ndani ya ukingo wa jicho kama wa wale ninaowaona, akanikatalia kwa heshima: jicho dogo ukilizungushia nyeusi ndani, unalifunga. Akaweka penseli ya kahawia, na alikuwa sahihi. Mdomo aliupaka rangi tulivu, kwa sababu macho yalikwishasema.

Nilitoka pale saa tisa alasiri. Harusi iliisha saa sita usiku. Nililia mdogo wangu alipokuja kuaga, nikalia tena kwenye gari. Joto la Desemba mnalijua, jasho linatoka hata ukikaa. Usiku nilipojitazama kwenye kioo cha bafuni, pembeni palikuwa pamefifia kidogo na kwenye mkunjo hapakuwa na uzi. Mama hakuuliza kitu. Alinishika kidevu, akanigeuza kwenye taa, akasema, "Leo umepakwa wanja."

Kwa mama hilo ni neno kubwa. Tulipokuwa wadogo, asubuhi ya Idi alikuwa anatupanga mstari uani, anachovya kijiti kwenye kichupa cha wanja wa manga, anatupitishia mmoja mmoja, na anatufunga mdomo ukilalamika kwamba unawasha. Nikamuuliza fundi kwa nini hana kichupa kile mezani. Alijibu kwamba hautumii wanja wa unga usio na maelezo, kwa sababu mwingine unasagwa kutoka kwenye jiwe lenye madini ya risasi, na risasi ikiingia mwilini ni sumu, kwa watoto zaidi. Nimesoma baadaye kwamba Marekani wanja wa namna hiyo hauruhusiwi kabisa kwenye vipodozi. Kumwambia mama hakukuwa kwepesi. Kichupa bado anacho, lakini wajukuu hawapaki tena, na hilo limenitosha.

Kwenye usafi wa bidhaa fundi huyu nampa alama kubwa, isipokuwa sehemu moja nitakayoisema. Kila anachofungua anaandika tarehe kwa kalamu ya wino mzito chini ya kopo. Alinionyesha ile picha ndogo ya kopo lililofunuliwa yenye namba na herufi M, 12M au 24M, ambayo ni miezi ya kutumia tangu kufungua. Maskara anaitupa baada ya miezi mitatu hata ikiwa imejaa. Fondesheni anaimimina kwenye kibati kwanza, hachovyi kopo. Na glita anatumia ya vipodozi tu. Ile ya kupambia kadi, ambayo nimeona watu wakibandikwa kwenye kope, ni vipande vyenye kona kali, vikiingia vinaweza kuchubua jicho. Tangu Julai 2019 vipodozi vipo chini ya TBS, Shirika la Viwango, zamani ilikuwa TFDA, Mamlaka ya Chakula na Dawa, na yeye ananunua vyenye lebo inayosomeka, yenye mtengenezaji na tarehe. Paleti, yaani visanduku vya rangi za macho, za bei ya chini sana zinazouzwa kwenye meza za barabarani hana.

Mara ya pili nilikwenda kwa ajili ya Idi, mchana, nikataka kitu ninachoweza kukaa nacho na wageni bila watu kushtuka. Alinifanyia ya shaba: kichuguu kileile juu, kahawia ya kahawa kwenye mzizi wa kope badala ya nyeusi, na katikati ya kope akabonyeza shaba inayong'aa kwa kidole, kwa sababu alisema kidole kinaishikisha kuliko brashi. Dakika 40, kwisha. Kama hujawahi kujaribu smoki, anzia hapa. Inasamehe makosa, na kwenye ngozi zetu shaba inawaka kama sufuria jipya juani. Hii sasa naipaka mwenyewe nyumbani, kwa paleti ya rangi nne na brashi mbili.

Ya tatu ndiyo niipendayo kuliko zote, na ndiyo iliyonifanya nianze kuandika. Ilikuwa send-off ya binti wa kaka yangu, usiku, ukumbi wa kule Shangani, na kwa mara ya kwanza niliamua sivui miwani. Miaka yote kwenye shughuli nilikuwa naivua, naiweka kwenye mkoba, halafu nasalimia watu nisiowaona vizuri. Nilimwambia fundi: nataka smoki ya zambarau na nataka niwaone watu.

Akaomba miwani, akaishika mbali na uso wake, akatazama ukuta kupitia kioo chake. "Hii inapunguza," akasema. Na kweli, lenzi za kuona mbali zinalifanya jicho lionekane dogo kwa anayekutazama. Zile za kusomea zinalikuza. Kwa hiyo ile nyeusi nzito ya harusi ingekuwa shimo nyuma ya kioo. Alichofanya ni kutumia zambarau iliyoiva ya bilinganya kwenye mzizi wa kope, iliyochanganywa na nyeusi kwa ncha tu ya brashi, na katikati ya kope zambarau ya wazi yenye mng'ao kidogo. Juu ya mkunjo akabadilisha kichuguu, akaweka rangi ya damu ya mzee, maana kahawia yenye uchungwa ndani yake ikikutana na zambarau inakuwa tope. Nusu ya kazi anafanya mimi nimevaa, anarudi nyuma, ananivua, anaongeza, ananivisha. Kope za kubandika alikataa kabisa kuniwekea: ndefu zinagonga kioo, kila ukipepesa zinaacha alama ya mafuta. Akazikunja zangu kwa kibanio, akapaka maskara safu mbili nyembamba. Na nyusi akazitengeneza kufuata ukingo wa juu wa fremu, zisishindane nao.

Kaka yangu, ambaye hajawahi kusema neno kuhusu mavazi ya mtu, aliniuliza kama nimenunua miwani mpya. Nikampita kwenda kusalimia meza za mbele, na nilimwona kila mtu niliyemsalimia.

Mara ya nne haikwenda vizuri, na ni haki niiseme. Nilitaka bluu, bluu ya bahari yetu saa nne asubuhi pale Mikindani maji yakiwa yamejaa. Saluni ilikuwa na watu, bibi harusi mmoja na wasimamizi wake, na mimi nilikuwa na miadi ya saa saba. Nilikaa kwenye kiti saa tisa kasorobo. Hakuna benchi la kusubiri, unasimama kwenye kivuli cha mwembe wa jirani, na hakuna aliyeniambia foleni imefika wapi. Alipoanza, mkono ulikuwa umechoka. Bluu aliiweka moja kwa moja juu ya praima bila penseli ya giza chini yake, na kwenye ngozi yangu bluu ile ikapauka mpaka ikafanana na chokaa ya ukuta. Akaongeza, ikazidi kuwa vumbi. Mwishoni akaifunika na nyeusi, nikatoka na smoki nyeusi yenye kivuli cha bluu ambacho ungelazimika kuambiwa ndipo ukione. Alinirudishia 10,000 bila kuombwa. Nililithamini hilo, lakini nilikuwa nimefuata bluu.

Siku hiyohiyo ndipo nilipoona ile sehemu moja ya usafi. Wakati wa harakaharaka, binti msaidizi alichovya brashi ya maskara kwenye kichupa, akampaka msimamizi mmoja, akachovya tena kwa mwingine. Vijiti vya kutumia mara moja vilikuwepo, nimeviona kwenye droo. Ugonjwa wa macho mekundu unapita kirahisi hivyo. Nilimwambia fundi pembeni, taratibu, na akaitupa ile maskara mbele yangu. Nawashauri mnaokwenda: angalieni brashi ya maskara, ombeni kijiti kipya, msione haya. Nunueni hata yenu, mwende nayo.

Na gundi ya kope za kubandika, kama utaziweka, mwombe akujaribishie kidogo nyuma ya sikio siku moja kabla, uone kama inakuwasha. Analifanya bila malipo, ila lazima ufike pale, na kwa mtu wa Naliendele au Mikindani hiyo ni nauli nyingine.

Bei, nilivyolipa mimi: uso mzima na smoki 35,000, macho peke yake 15,000, kope za kubandika 5,000 juu yake, ambayo naiona ni kubwa kwa kope zilezile ninazoziona sokoni kwa 2,000. Asubuhi ni bora kuliko mchana. Jumamosi za Oktoba mpaka Desemba mwekee nafasi wiki mbili kabla na uombe kuwa wa kwanza. Ukimaliza, usipande bodaboda, kofia inasaga nyusi na upepo unaleta vumbi kwenye gundi. Chukua bajaji, kaa katikati.

Usiku usilale nayo na usiisugue kwa sabuni kama nilivyofanya ile mara ya kwanza, macho yaliniwasha mpaka asubuhi. Loweka pamba kwa mafuta ya nazi, iweke juu ya jicho lililofumbwa, hesabu mpaka thelathini, kisha vuta taratibu kwenda chini. Nyeusi yote inakuja na pamba. Ndipo unawe.

Kuhusu bluu, tulizungumza tena wiki iliyopita, nilipopita kununua penseli. Alikuwa ameifanyia mazoezi kwenye mkono wake mwenyewe, mistari mitatu imepangwa: bluu peke yake, bluu juu ya kahawia, bluu juu ya penseli nyeusi iliyosuguliwa. Ule wa tatu ulikuwa umewaka kabisa, bluu nzito inayoonekana kutoka upande wa pili wa barabara. Nimeweka nafasi Jumanne, siku isiyo na harusi, saa tatu asubuhi, kiti kikiwa mlangoni.